Siku Tano kwa Ndege ya Saa Moja

Mmeniuliza wote, tena kwa zamu: barazani, dukani, hata mlangoni mwa msikiti viatu viko mkononi. "Mwalimu, Mombasa si saa moja tu kwa ndege? Wewe mbona umekwenda siku tano?" Kila nikianza kueleza, mtu anaanza kucheka kabla sijafika hata Mahonda. Basi nimeona niandike, ili anayetaka kucheka acheke nyumbani kwake.

Nianze na lile mnalolijua nusunusu. Mdogo wangu Salma anakaa Mombasa kwa mama mdogo tangu baba yetu afariki. Baba hayupo, babu hayupo, kwa hiyo walii wake, wa kumwozesha, ni mimi. Ilikuja barua ya posa kutoka kwa watu wa kijana mmoja, Athmani, fundi wa reli. Simjui, na watu wake siwajui. Nikaitia barua ndani ya atlasi ya skuli, nikajiambia nitajibu nikipata nafasi. Nafasi hiyo ilichukua mwaka mzima. Kweli yenyewe ni kuwa sikutaka Salma aolewe mbali nami, na nilijidanganya kwamba nisipojibu, jambo litakuwa halijatokea. Hilo sijapata kulisema kwa mtu, na nalisema sasa.

Athmani alingoja, Salma akangoja. Mwishowe nikakubali, na nikataka kumwandikia kadhi wa huko barua ya uwakala ili amwozeshe kwa niaba yangu, mimi nibaki na daftari zangu. Salma akanijibu kwa mstari mmoja: "Kaka, safari hii usiniletee karatasi. Njoo mwenyewe."

Ndoa ikapangwa Ijumaa baada ya alasiri. Livu ya Athmani ilikuwa inakwisha Jumapili, jioni yake apande treni. Nikafungua atlasi, nikaweka rula: kutoka Unguja hadi Mombasa ni upana wa vidole viwili. Maili mia na hamsini hivi, saa moja ya ndege. Nikaondoka hapa Jumatano asubuhi, nikijiona mtu wa tahadhari kubwa.

Mkokotoni mpaka mjini

Mlionisindikiza mliniona nikipanda gari ya Makame, nimekaa mbele, nimevaa koti. Kutoka hapo sikumbuki vizuri, kwa sababu nililala. Mvua ya alfajiri ilikuwa imekwisha, barabara inafuka mvuke, na harufu ya udongo wa mikarafuu ikaingia dirishani ikanilegeza. Nikaamka, nikaona minazi. Nikalala tena. Nikaamka, nikaona minazi ile ile, na mbuzi yule yule amefungwa kwenye mnazi ule ule. Nikafikiri naota. Kumbe gari imesimama.

Makame alikuwa chini, kando ya njia, amezungukwa na mafenesi. Anayagonga moja moja kwa kidole na kuyasikiliza, sikio limelala juu ya ganda.

"Makame," nikamwita, "kuna nini?"

"Mama mkwe wangu hali fenesi lolote tu, mwalimu. Nsubiri kidogo."

"Nna ndege kesho."

"Kesho?" akasema, akagonga jingine. "Basi una wasaa."

Abiria wengine walishuka kumsaidia, na kila mmoja akawa na rai yake. Mimi niliwatazama kwa dirisha nikaona raha ya ajabu, kama kwamba siendi popote na hakuna anayeningoja. Tulifika mjini wakati watu wanatoka kusali adhuhuri. Fenesi lilikuwa katikati ya miguu yangu, na harufu yake haijatoka kwenye koti mpaka leo.

Nililala Mkunazini kwa shangazi yangu, Bi Zuhura. Alinipikia pweza wa nazi na mikate ya kumimina, akaniambia nile sana kwa kuwa huko juu hakuna jiko. Yeye hajapanda ndege na hana nia.

"Saa moja," alisema. "Mtu atoke kwao, afike kwa watu, saa moja? Hata roho haijawahi kuaga."

Akanipa kikapu kidogo cha ukili kimejaa halua ya bibi harusi, akakifunga kwa kamba mara saba.

Uwanjani

Alhamisi saa mbili asubuhi nilikuwa uwanja wa ndege. Ndege ilikuwa haipo. Karani, kijana mwenye shati jeupe, alituambia inakuja. Saa nne akatuambia inakuja. Saa sita akasema inakuja, lakini safari hii hakututazama usoni, na hapo tukajua iko Dar es Salaam na ina ugonjwa wa gurudumu.

Mnanijua mimi hasira ziko karibu. Nilisimama, nikakaa, nikamwuliza karani kama anajua maana ya saa. Akanijibu kwa adabu, "Najua, mwalimu. Uliwahi kunifundisha Mkokotoni." Nikakaa.

Jirani yangu kwenye benchi alikuwa bibi wa mtaa wa Ng'ambo, Bi Tatu, aliyekuwa anakwenda kumwona kitukuu aliyezaliwa Mombasa. Alikuwa hajapata kupanda ndege. Alivaa buibui jipya na mikononi alikuwa na kapu la samaki wa kukaanga, vitumbua, na chupa ya maji ya zamzam. Aliniuliza ndege ikisimama njiani watu wanashukia upande gani. Nikamwambia haisimami njiani.

"Hata mtu akitaka kunyoosha miguu?"

"Hata akitaka, Bi Tatu."

Akanitazama kwa huruma, akanipa kitumbua.

Siku ile ilikuwa ndefu na tamu kwa namna nisiyoweza kuieleza. Mtu mmoja alikuwa akifyeka majani kando ya njia ya ndege, taratibu sana, na yangeyange wanamfuata nyuma kuokota wadudu. Kila tukisikia ngurumo tunasimama wote na mizigo yetu, kisha lori linapita, tunakaa. Kufika alasiri tulikuwa hatusimami tena. Samaki wa kitukuu walikwisha. Karani aliletewa chakula chake, akala na sisi. Nilikuwa nikifikiri: leo Salma anatiwa hina, na mimi niko hapa nahesabu yangeyange. Nilihisi uchungu, halafu usingizi ukanichukua na uchungu wangu.

Jioni tukarudishwa makwetu. Bi Zuhura alikuwa amepika tayari, kama aliyejua.

Juu ya mawingu

Ijumaa ndege ikaja. Tulisali Ijumaa, tukapanda, na saa nane kasorobo tukaruka. Nilipiga hesabu: saa tisa kasorobo nitakuwa Mombasa, alasiri itanikuta nyumbani kwa mama mdogo. Saa nzima ya akiba.

Ndugu zangu, niliona nyumbani. Ndege ilifuata pwani kwenda kaskazini, na kabla Bi Tatu hajamaliza dua yake ya kwanza nilikiona kisiwa cha Tumbatu, nikauona mji wetu, nikaliona bati la skuli linametameta. Barabara niliyokuwa nimeilala nusu siku ilikuwa uzi mwekundu. Sikumwona mtu. Nikapunga mkono hata hivyo, na kama mlikuwa barazani wakati ule, basi jueni mlipungiwa.

Halafu tukaingia mawinguni na dunia ikaisha. Nje ni weupe, ndani ni ngurumo ya injini mbili isiyopanda wala kushuka. Bi Tatu alilala begani kwangu. Mimi sikuwa nimelala na sikuwa macho. Nilikuwa nikiyarudia yale maneno ya kuozesha ambayo walii huyasema, nimemshika mkono bwana harusi nisiyemjua, na kila nikifika katikati namwona baba akiniangalia, si kwa hasira, ananisubiri tu nimalize.

Saa tisa kasorobo ikafika. Ndege ikainama upande mmoja, ikakaa hivyo hivyo. Kijana anayehudumia abiria akatuambia tuko juu ya Mombasa, lakini mawingu yameshuka mno na rubani haoni pa kutua, tutazunguka kidogo. Tukazunguka. Saa tisa na nusu tunazunguka. Alasiri ikaingia, nikasali nimekaa, kwa kukisia kibla, na naamini kila rakaa ilielekea upande wake.

Mara moja tu mawingu yalifunguka. Nikaona chini yangu mnara mweupe wa msikiti, mapaa, na ukanda wa maji ya kijivu. Mahali fulani pale, chini ya paa mojawapo, wamekaa watu wananingoja. Nilibandika paji la uso kwenye kioo. Wingu likajifunga.

Saa kumi kupita kidogo kijana akarudi. Tanga nako kumefunga, akasema, na mafuta hayaruhusu kuendelea. Tunarudi Unguja. Nililia, na sioni haya kuwaambia. Nililia kimya kimya ili nisimwamshe Bi Tatu.

Tulikotoka

Bi Tatu aliamka magurudumu yalipogusa chini. Akajitengeneza buibui, akashuka ngazi kwa heshima zote. Pale chini mchukuzi wa mizigo akamkimbilia.

"Shikamoo Bi Tatu! Vipi, umesahau kitu?"

Alikuwa Haji, jirani yake, nyumba ya tatu kutoka kwake. Bi Tatu akasimama, akamtazama juu mpaka chini.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "We Haji, na wewe uko Mombasa? Mama yako mbona hakunambia?"

Haji akanitazama mimi. Ilibidi nimweleze bibi wa watu kuwa tumezunguka zaidi ya saa tatu na tumeshukia pale pale. Alifikiri kidogo. "Basi ndiyo maana," akasema, "nikaona panafanana."

Baada ya magharibi nilimfuata imamu wa msikiti wa jirani na shangazi, mtu mpole anayeuza vifungo na nyuzi mchana. Nilimwuliza lile nililokuwa naliogopa: walii asipofika, inakuwaje?

"Akiwa karibu, atangojwa au aombwe ruhusa," alinieleza. "Akiwa mbali, masafa ya marhala mbili, mwendo wa siku mbili wa ngamia aliyebeba mzigo, basi anahesabiwa hayupo. Kadhi atamwozesha mwenyewe, bibi harusi akiridhia. Na Mombasa kwa Unguja imepita masafa hayo."

"Lakini shekhe, ni saa moja!"

"Hesabu ni ya njia, mwalimu, si ya chombo." Akanishika bega. "Usihuzunike. Ndoa ya dada yako itakuwa imesihi kabisa, haina kasoro."

Hilo ndilo lililoniuma. Imesihi kabisa, bila mimi. Na kwa mtu aliyekwisha kaa na barua mwaka mzima, nani atasadiki habari ya mawingu? Nilijua watasema nini wale watu wa Athmani. Ningekuwa wao, ningesema vile vile.

Jumamosi hakukuwa na ndege. Nilikwenda posta nikapiga simu ya maandishi: NDEGE ILIRUDI NAJA JUMAPILI. Kisha nikatembea vichochoroni kwenye manyunyu, maji yanadondoka kutoka roshani hadi roshani, na nyumba zote nilizozijua tangu utoto zikaonekana kama za mji mwingine niliopata kusimuliwa. Muuza kahawa wa Mkunazini akaniona.

"Mwalimu, usharudi mara hii! Hiyo ndiyo faida ya ndege. Harusi ilikuwaje?"

Nilikuwa nimechoka kueleza. "Nzuri," nikasema.

"Biriani?"

"Biriani ya mbuzi."

"Na bwana harusi?"

"Mrefu," nikasema. "Mtaratibu. Ana sauti ndogo." Nikaendelea hivyo hivyo, nimesimama na kikombe mkononi, nikamsimulia harusi nzima ambayo sikuiona: joho la kadhi, udi, Salma kainamisha kichwa. Kulikuwa na raha ndani yake. Nilipomaliza nilimrudishia kikombe na nikaondoka haraka.

Saa moja yenyewe

Ya Jumapili sina la kuwasimulia. Tuliruka saa nne asubuhi, mbingu safi, tukatua saa tano kasoro dakika chache. Sikuwahi hata kumaliza biskuti niliyopewa. Hiyo ndiyo safari mnayoizungumzia nyinyi, na ndiyo fupi kuliko zote nilizosafiri wiki ile.

Bi Tatu tu ndiye aliyekataa kushuka.

"Hii Mombasa ya kweli?" akamwuliza kijana wa ndege.

"Ya kweli, bibi."

"Sishuki mpaka nimwone mtu nisiyemjua."

Tukampandishia mchukuzi mmoja mlangoni. Bi Tatu akamkagua vizuri, hakumtambua, akafurahi, akashuka. Tukaagana pale. Kapu lake lilikuwa na samaki wapya.

Nyumbani kwa mama mdogo

Nilikwenda na kikapu changu cha halua nikijizoeza maneno ya kupongeza. Nilikusudia kumwomba Salma msamaha, kumpa mumewe mkono kabla ya treni, na kurudi kwetu.

Mlangoni palikuwa na viatu vingi. Ndani mikeka imetandikwa, mzee mmoja wa makamo, ami yake Athmani, kakaa karibu na mlango uso umemvimba kwa hasira. Aliponiona hakujibu salamu yangu mara moja. Mama mdogo akanivuta mkono mpaka ukumbini.

"Mama mdogo, nisamehe," nikaanza. "Najua kadhi keshamwozesha..."

"Nani kaozeshwa?" akasema. "Hajaozeshwa mtu hapa! Tangu Ijumaa nnapika, watu wanakula, wanakwenda, wanarudi. Hebu kaa nikwambie alivyofanya dada yako."

Ijumaa baada ya alasiri, alinieleza, watu walikuwa wamejaa na kadhi ameketi. Ami yake Athmani akasema walii hakuja na hatakuja, maana huyu ni mtu wa kutojibu barua. Kadhi akauliza yuko wapi. Wakamwambia Unguja. Akasema ni masafa, basi yeye atamwozesha, aulizwe bibi harusi kama ameridhia. Mama mdogo akaingia chumbani kumwuliza. Wakati huohuo ikasikika ngurumo juu, mawinguni, inakuja na kupotea na kuja.

Salma akasema kwa sauti, nyuma ya pazia, mbele ya wanaume wote: "Mwambieni kadhi kaka yangu hayuko Unguja. Yuko hapo juu."

Watu wakatazama dari. Ami yake Athmani akacheka. Kadhi yeye hakucheka. Alivua miwani, akasikiliza muda mrefu ile sauti ikizunguka. Kisha akasema kuwa amesoma habari za walii aliye nchi kavu na aliye baharini, lakini walii aliye juu ya paa la nyumba hajamsoma popote, na kama yupo pale basi hawezi kumhesabu yuko mbali. Akafunga kitabu, akangoja.

"Sauti ikaondoka," mama mdogo akasema. "Yule ami yake akauliza, 'Haya, sasa yuko wapi?' Salma akajibu, 'Anageuza.' Jana mchana wamekuja tena. Yuko wapi? Anageuza. Leo asubuhi, kijana wa watu ana treni jioni, wamekuja tena. Anageuza. Athmani naye akasema kama Salma anangoja, yeye anangoja. Mtu mwema yule."

Simu yangu ya maandishi ilifika tukiwa tunazungumza. Hakuna aliyeifungua.

Kadhi akaitwa. Kabla ya ndoa ni lazima walii aingie na mashahidi wawili amwulize bibi harusi ridhaa yake, nikaingia. Salma alikuwa kitandani kajifunika kanga, hina ya Alhamisi imeanza kufifia vidoleni. Mashahidi wakabaki mlangoni. Nikapiga magoti mbele yake, na badala ya kuuliza nililotakiwa kuuliza, nikauliza jingine.

"Salma, ulijuaje kama ni mimi?"

Akaufunua uso, akanitazama kama alivyokuwa akinitazama utotoni nikichelewa kumchukua chuo cha Kurani.

"Sikujua, kaka," akasema. "Nlitaka uwe wewe."

Shahidi mmoja akakohoa mlangoni. Salma akanipangusa uso kwa ncha ya kanga yake, akaniambia, "Haya niulize, watu wana treni."

Nikamwuliza. Akasema naam. Nikatoka nje kwenda kumshika Athmani mkono.